Umepata Luger ya Mjerumani? Usiisugue kwanza, pita kwenye huu uzi

#1 Mzee wa Lenzi

Wakuu salama? Juzi kuna mdau katupia picha ya bastola ya Mjerumani inang'aa kama sufuria ya bi harusi, anauliza ni ya bei gani, basi watu wakaanza kumpandisha, huyu dola elfu tano, yule elfu kumi, mmoja akamwambia usikubali chini ya elfu ishirini utakuwa umeibiwa. Nilikuwa nimepaki lori nasubiri kupakuliwa mzigo nikacheka peke yangu kama chizi. Ile bastola kwa picha tu ilikuwa imeshauawa, na aliyeiua ni mtu aliyetaka ipendeze. Ndo nikasema ngoja nifungue uzi.

Kwa wasionijua, mi mtoto wa Tanga, nipo Ohio huu mwaka wa 19, kazi yangu malori, na ugonjwa wangu ni bastola za kijeshi za zamani hasa hii Luger P08. Wengine wanafuga njiwa, wengine wana Simba na Yanga, mi nina haya machuma. Nilianza kijinga nikaumia, kwaiyo nitakachoandika hapa nimekilipia kwa hela yangu.

Historia yake fupi tu maana mnaweza kusoma popote. Mwenyewe aliyeibuni anaitwa Georg Luger, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha DWM cha Berlin. Waswisi ndo walikuwa wa kwanza kuipokea jeshini mwaka 1900, jeshi la majini la Ujerumani likafuata 1904, la nchi kavu 1908 na hapo ndo likazaliwa jina P.08. Waliendelea kuitoa mpaka 1942 huko, japo bastola mpya, P38 ya Walther, ilikuwa imeshaanza kuisukuma pembeni. Utaitambua kwa lile goti lake, ukivuta vile vifundo viwili vya duara vya nyuma juu, chuma kinajikunja kwenda juu kama goti la mtu anayepanda ngazi. Magazini inabeba risasi 8 za milimita 9, mtutu ni kama sentimita 10. Na zilitengenezwa nyingi mno, vita mbili kuu zile, kwaiyo uzee peke yake hauna bei. Watu wengi wanajikwaa hapa, wakiona 1917 wanadhani wameokota almasi.

Sasa nilivyopigwa. Luger yangu ya kwanza niliikuta kwenye maonyesho ya silaha, muuzaji mzee ana ndevu nyeupe, kofia ya maveterani, ananisimulia jinsi baba yake alivyoivua kiunoni kwa afisa wa Kijerumani, msitu, theluji, damu, yani nilikuwa naangalia sinema. DWM ya 1917, nyeusi tii inateleza. Nikahesabu dola 1,700 nikamwachia. Wiki ile ile nikaipeleka kwa babu mmoja mkusanyaji, ana miaka zaidi ya 80, nilitegemea anipe mkono wa pongezi. Hata hakuishika. Aliitazama pale kwenye kitambaa akauliza, nani kaiosha hii? Alaf akatoa lenzi kama ya sonara akaanza kunisomea: fremu inaishia 18, triga 18, sahani ya ubavuni 18, goti la nyuma 71. Akaniambia dola 900, na hapo nimeongeza kwa sababu ya sambusa ulizoniletea.

Niliendesha lori mpaka Pennsylvania bila kuwasha redio.

Nitaendelea, nipakue mzigo kwanza.

#2 Shemeji wa Wote

Hahahaha sambusa zimeokoa dola ngapi hapo mzee? Nimekaa kiti cha mbele.

#3 Fundi Kondo

Mkuu sijaelewa. 18 na 71 inahusu nini? Mi fundi pikipiki, spea ikikaa na mashine ikafanya kazi basi imekaa. Bastola inapiga au haipigi?

#4 Mzee wa Lenzi

Fundi swali lako ndo lenyewe. Kwa mtu wa kupigia shabaha uko sahihi kabisa, ikipiga inatosha. Mkusanyaji hanunui kupiga, ananunua bastola kama ilivyotoka kiwandani siku ile, na ushahidi wa siku ile ni namba.

Ipo hivi. Kila Luger ya jeshi ilikuwa na namba hadi tarakimu nne, wakifika 10,000 wanaanza upya na kuongeza kiherufi kidogo cha mkono, a, b, c, na kuendelea, na kila mwaka wanaanza tena. Namba nzima unaikuta fremu kwa mbele chini ya mtutu, ubavu wa kushoto wa sehemu ya juu, na chini ya mtutu wenyewe. Kiherufi usikisahau, mtu akikuuzia "6318" bila kukwambia herufi hajakwambia kitu. Alaf vipuri vidogo vinapigwa tarakimu mbili za mwisho. Triga, sahani ya ubavuni, ile latchi ya kufungulia, kipande cha sefti (kizuizi cha usalama), vipande vya goti, kile kidude cha juu kinachokamata ganda la risasi, hata ndani ya mbao za kishikio. Wale wa Erfurt, kiwanda cha silaha cha serikali, walikuwa wamepitiliza, wanapiga namba mpaka kwenye skrubu za mbao, sijui walikuwa hawana kazi nyingine.

Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu vipuri vilikuwa vinakaziwa kwa mkono, kila bastola na vyake, na jeshini wakisafisha bastola kumi kwenye meza moja wakichanganya basi kazi imeharibika. Kwaiyo zile tarakimu zilikuwa za kumsaidia askari, leo ndo zinatusaidia sisi kumjua mwongo.

Kipuri kimoja kikiwa cha kigeni, bei inashuka vibaya sana, kwa uzoefu wangu hata nusu kama ni kipande cha goti au mtutu. Kikiwa kidogo kama latchi hushuka kidogo ila bado hutaiita kamili.

Sasa angalia mtego. Tarakimu mbili maana yake kuna namba mia tu, 00 mpaka 99. Mjanja mwenye boksi la vipuri mia mbili tatu anakaa chini anapekua mpaka apate 18 zake, anakuchomekea unapewa bastola "kamili". Hapo namba zenyewe hazikusaidii tena, inabidi uangalie mwandiko. Muhuri wa DWM una umbo lake, wa Erfurt una lake, kiwanda cha Mauser cha miaka ya 30 lake. Ukiona 8 ya triga imenenepa na 8 ya fremu imekondeana, jiulize. Na wengine wanafuta namba ya zamani kwa tupa wanapiga mpya, pale unakuta chuma kimebonyea kidogo kama kidonda kilichopona, ukipitisha mwanga kwa pembeni kinajionyesha.

Magazini nayo! Watu wanasahau. Zile za vita ya kwanza chini zina kitako cha mbao, za miaka ya 30 zina cha alumini, na zilipigwa namba ya bastola yake. Kila bastola ilitoka na magazini mbili, ya akiba imewekwa alama ya jumlisha. Ukipata zote mbili na namba zinaoana, kaa chini kwanza unywe maji.

#5 Kijana wa Mikindani

Daah kumbe ni elimu. Mzee na hiyo "nani kaiosha" ilikuwaje?

#6 Mzee wa Lenzi

Hiyo ndo iliyoniuma kuliko namba, maana namba ningelaumu macho, ila rangi niliisifia mwenyewe.

Luger za zamani hazikupakwa rangi. Ile bluu nyeusi ni kutu. Kweli, kutu. Walikuwa wanakipaka chuma dawa, kinashika kutu nyembamba, wanakichemsha, wanakisugua, wanarudia mara kadhaa mpaka kinakuwa na weusi fulani mtulivu kama anga ya saa moja jioni. Vipuri vidogo kama triga, latchi na kitufe cha magazini vilipashwa moto mpaka vikawa na rangi ya majani makavu, kama dhahabu iliyochoka. Huu utaratibu Mauser waliuacha 1937 wakahamia kuchovya kwenye chumvi za moto, kuanzia hapo vipuri vidogo navyo vikawa vyeusi.

Kwaiyo mtu akikuletea DWM 1917 yenye triga nyeusi, imeoshwa, yani imechovywa weusi upya. Maliza hapo hapo. Yangu triga ilikuwa nyeusi kama kiatu cha polisi na mi nikaona inapendeza.

Dalili nyingine ni kona. Bastola ilichongwa na mashine ikaja na kona kali, unaweza kuzisikia kwa ukucha. Aliyeisugua kwa gurudumu la kupolishia kabla ya kuichovya anakula kona zote, zinakuwa laini kama sabuni iliyotumika, na herufi za DWM juu ya goti zinabaki kama zimeandikwa kwa penseli. Chungulia na matundu ya skrubu, yakiwa yamegeuka sahani basi gurudumu lilipita. Alaf toa mbao uchungulie ndani ya fremu, zile za kutu ya zamani ndani kwa mbele zilibaki chuma cheupe, dawa ya kuchovya inafika kila mahali kwaiyo ukikuta ndani nako kumekolea weusi wa wiki iliyopita unajua.

Na mkitoa mbao jamani angalieni sefti. Ile mbao ya kushoto ina kapembe kembamba juu nyuma kanakokaa chini ya kijiti cha sefti, ukivuta bila kukisogeza kijiti kale kapembe kanaruka. Mbao nusu ya dunia zimemeguka hapo hapo. Mi nimemegua moja, sitaki kuizungumzia.

Kitu cha mwisho kwenye rangi: bastola iliyochakaa kihalali ni nzuri kuliko iliyong'arishwa. Ikiwa kona za mbele zimepauka kwa sababu ya kuingia na kutoka kwenye mfuko wa ngozi miaka minne, ile ni historia na mkusanyaji anailipia. Kama kuna kutu nyekundu, mafuta mepesi na kitambaa, basi. Sio sandipepa, sio brashi ya chuma, sio maji ya betri, nawajua nyie.

#7 Afande Mstaafu

Kabla watu hawajaanza kutoa mbao. Bastola yoyote, hata ya mwaka 47, unatoa magazini kwanza, unavuta nyuma, unaangalia chemba kwa jicho na kwa kidole. Nimeona mtu kajipiga na "haina risasi".

#8 Mzee wa Lenzi

Afande asante, ilitakiwa nianze na hilo. Na Luger ina ubaya wake maalumu. Kile kidude cha juu cha kukamata ganda, risasi ikiwa ndani kinanyanyuka na ubavuni kimeandikwa GELADEN, yani imejazwa. Usikiamini, springi ina miaka mia. Pia sehemu ya juu ukishaitoa kwenye fremu, kama risasi imebaki chembani, ukikiminya kile kijiti cha ubavuni inaweza kufyatuka mkononi bila triga. Mafundi wameumia hivo.

#9 Mngoni Halisi

Mi kwa heshima zote mzee wangu naomba nikuulize. Hizi ndo silaha zilizowaua babu zetu. Songea hapa Februari 1906 walinyongwa wazee wetu kwa siku moja, makumbusho yapo, watu wanakuja kulia. We unazipangusa kwa kitambaa Ohio. Huoni kama kuna kitu hakijakaa sawa?

#10 Mzee wa Lenzi

Ndugu yangu swali lako nimelikalia siku mbili, ndo maana nilikuwa kimya.

Kwanza la ukweli wa tarehe. Majimaji ni 1905 mpaka 1907, P08 ni ya 1908, kwaiyo hii yenyewe haikuwepo. Waliwapiga wazee wetu kwa bombomu (bunduki za rashasha) na bunduki za kawaida, alaf wakachoma mashamba na maghala, njaa ndo ikaua wengi kuliko risasi. Hata vita ya 14, askari weusi wengi wa Lettow, yule kamanda wa Mjerumani, pale kwetu Tanga walikuwa na bunduki za modeli ya 71 zinazotoa moshi kama jiko la kuni, bastola ilikuwa ya mzungu na wachache wengine. Kwaiyo ukiniuliza chuma gani kilimwua babu, sio hiki.

Ila najua hukuniuliza tarehe. Mi mwenyewe siwezi kununua kiboko cha ngozi ya kifaru, ule mjeledi wa enzi za koloni, nimeviona mnadani nikatoka nje. Bastola naiangalia kama mashine, fundi aliyeichonga, makosa yake, ujanja wake. Pengine najidanganya. Na sinunui kitu chenye hadithi ya koloni hata kama ni rahisi, sababu moja ni hiyo yako na ya pili ni kwamba alama za vikosi zenye mvuto ndo zinafekiwa kuliko zote. Vikosi vya vita ya kwanza vilikuwa vinapiga alama zao mbele ya kishikio, mtu akikuta bastola tupu anachukua mihuri anapiga kikosi cha makoloni, bei inaruka. Alama ya zamani kingo zake zimechakaa pamoja na chuma cha jirani, ya jana ina kingo zinazokata.

#11 Mngoni Halisi

Sawa mzee. Hujanimaliza ila umenijibu.

#12 Mwana wa Lindi

Wakuu samahani natoka nje kidogo ya mada au labda ni ndani. Nyumbani kwetu Lindi vijijini bibi ana sanduku la marehemu babu, ndani kuna bastola kubwa, wanasema ya Mjerumani alimwachia baba yake babu. Ina ile gurudumu ya risasi inazunguka, na inakatikia katikati inafunguka kwa mbele kama shotgani. Pembeni kuna VI. Hiyo Luger au? Naweza kupata mteja huko Marekani mzee?

#13 Mzee wa Lenzi

Mwana wa Lindi hiyo sio Luger na wala sio ya Mjerumani. Gurudumu linazunguka, inakunjika katikati kwa juu, VI ubavuni, hiyo ni Webley ya Mwingereza, Mark VI walianza kuitoa 1915, risasi zake nene .455. Maafisa wa Kiingereza waliofukuzana na Lettow mpaka akajisalimisha kule Abercorn (leo Mbala, Zambia) Novemba 1918 wengi walikuwa nazo. Kwaiyo aliyemwachia babu inaelekea alikuwa wa upande wa pili, au Mjerumani alikuwa nayo ya kuteka, hadithi za nyumbani huwa zinabadilisha jezi njiani.

Sasa la mteja, hapana. Hapana kubwa. Kwako hiyo bei yake ni sifuri na inaweza kuwa chini ya sifuri. Afande njoo.

#14 Afande Mstaafu

Kijana, hiyo ni silaha bila kibali. Sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015 haiangalii kama ni ya babu au ya jana. Usiibebe kwenye basi kuileta mjini, ukikamatwa stendi hakuna atakayesikiliza habari ya sanduku la bibi. Iacheni ilipo, mzee wa nyumba aende kwa mtendaji au kituo cha polisi aseme tumekuta hiki kitu kwenye mali za marehemu, tunataka kusalimisha, wao watakuja kuichukua. Kuna vipindi polisi wanatangaza watu wasalimishe kwa hiari bila kushtakiwa, fuatilieni. Na msiiguse, risasi za zamani hazina adabu.

#15 Mzee wa Lenzi

Nakazia. Na mkisalimisha mwambieni bibi aseme historia yote na iandikwe. Pale Mombasa Fort Jesus kuna mzinga wa meli ya Königsberg, ile iliyozama Rufiji Julai 1915, watoto wanaukalia wanapiga picha. Ule asili yake inajulikana ndo maana unaeleweka. Chuma bila maelezo ni chuma.

#16 Fundi Kondo

Mzee umesema maelezo, na yule aliyekuuzia si alikuwa na maelezo mengi tu ya theluji 😂

#17 Mzee wa Lenzi

Fundi unanichoma kisu ukizungusha. Ndo tofauti sasa. Hadithi ya mdomo mi siku hizi nasikiliza kama redio, nafurahi, silipii. Nachotaka ni karatasi. Wanajeshi wa Marekani vita ya pili walipokuwa wanarudi na silaha za kuteka walipewa cheti, kimesainiwa na afisa wao, kinasema huyu bwana anaruhusiwa kurudi na hiki. Vizuri zaidi kiwe kimeandika namba ya bastola. Cheti chenye namba na bastola yenye namba ile ile, hapo bei inapanda na una haki ya kuamini theluji.

Kwa walioko Marekani, Luger sio "ya kale" kisheria. Mstari upo mwaka 1898, kilichotengenezwa baada ya hapo ni silaha kama silaha nyingine hata kama babu yako hakuwa amezaliwa. Ila ikishapita miaka 50 inaingia kundi la vitu vya wakusanyaji na kuna leseni yake maalumu ya ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha. Na mambo ya kitako cha bega, zile Luger za askari wa mizinga zenye mtutu wa sentimita 20 zilikuwa zinafungwa kitako cha mbao, usijaribu kufunga kwenye bastola yoyote tu bila kusoma sheria, utajikuta una bunduki fupi isiyosajiliwa na hilo ni jela.

Alama nyingine za kupita haraka. Ukikuta tarehe mbili juu ya chemba, 1920 na 1917 kwa mfano, usikimbie, hiyo sio feki, 1920 ilipigwa na jeshi jipya baada ya vita kuonyesha ni mali yao. Ukikuta X kwenye fremu mara nyingi ilitekwa na Mrusi, wao walikuwa wanazivunja zote, wanachovya, wanaunganisha upya bila kujali nani ni wa nani, inapiga vizuri ila kwa mkusanyaji ni pilau la mabaki. Ukikuta jina la kampuni ya kuingizia mzigo kwenye mtutu, imeingizwa baada ya 1968, bei inashuka. Na ukikuta ya kiwanda cha Krieghoff, zile za jeshi la anga, zilikuwa mkataba wa 10,000 tu, basi fanya kama umekuta nyoka, rudi nyuma kwanza, maana feki zake ni nyingi na wanaozitengeneza wanajua kazi.

#18 Shemeji wa Wote

Mzee na za Mmarekani? Jirani yangu hapa Texas ana 1911, ile bastola ya jeshi la Marekani, anasema ya cherehani sijamwelewa.

#19 Mzee wa Lenzi

Shemeji kimbia kwa jirani sasa hivi na viatu usivae!! Singer wa cherehani, ndio hao hao wa cherehani ya mama, walipewa oda ya majaribio ya 1911A1 mwaka 1940, wakatengeneza 500 tu, namba zinaanza S800001 mpaka S800500. Baada ya hapo wakahamishiwa kwenye vitu vigumu zaidi ya bastola. Kama ni ya kweli ile ni nyumba. Ila asilimia kubwa ya "Singer" nilizoziona mezani ni watu wamepiga muhuri. Muulize namba tu, usimshikie mkono.

#20 Shemeji wa Wote

Namba inaanza na 2 mzee. Na ni mpya ya 1990 na kitu, kumbe alisema mama yake alikuwa fundi cherehani. Kiingereza changu hiki 😭

#21 Dada wa Minnesota

Nyie mmenivunja mbavu. Shikamoo mzee wa Lenzi. Nimesoma uzi wote usiku nikaamka kufungua kabati. Mume wangu ni Mmarekani, babu yake alipigana Ulaya, ametuachia moja na mume wangu anataka kuipeleka kwa muuzaji keshokutwa. Afande usijali nimetoa magazini na nimeangalia chemba, hamna kitu. Naomba unisaidie nasoma ninachokiona. Juu ya goti S/42. Juu ya chemba 1936. Fremu mbele 4712 na chini herufi kama k ya mwandiko. Kuna tai wadogo kulia na 63.

#22 Mzee wa Lenzi

Marahaba mwanangu. S/42 ni Mauser wa Oberndorf, ndo namba ya siri ya kiwanda, ilianza kipindi Hitler alikuwa bado anaficha ficha mambo. 1936 ni kabla hawajaacha kutu ya zamani. Triga na latchi ya kushoto rangi gani?

#23 Dada wa Minnesota

Triga kama asali ya zamani, pembeni imepauka. Latchi hivo hivo. Chuma chote cheusi ila mbele kwenye mdomo wa mtutu kumekwanguka chuma cheupe kinaonekana.

#24 Mzee wa Lenzi

Nimekaa wima. Nisomee tarakimu mbili mbili. Mwanga utoke pembeni, sio juu.

#25 Dada wa Minnesota

Triga 12. Sahani 12. Latchi 12. Goti la mbele 12, la nyuma 12. Kidude cha GELADEN 12. Sefti 12. Magazini mbili, vitako vya chuma cheupe chepesi, zote 4712 na ile k, moja ina jumlisha. Mfuko wa ngozi upo na kale kabisibisi kake ndani ya kifuko. Pini ya kupigia sijui kuitoa. Na kuna bahasha, karatasi imekunjwa mara nne, ina jina la babu, sahihi ya luteni, na wameandika pistol, namba ni 4712.

#26 Fundi Kondo

Mzee kimya, kafa huyu.

#27 Mzee wa Lenzi

Sijafa nilikuwa nimeshika kichwa. Pini ukifungua lile goti mbele utaona kiskrubu cha nyuma, minya kidogo zungusha kinatoka na springi, shika isiruke. Au acha, usiiguse, atakayekuja kuinunua aifungue mbele yako.

Dada hiyo kwa maelezo yako, kama picha zitakubali, mi ningekaa kati ya dola elfu tatu na elfu nne, magazini mbili na karatasi ndo zinazoipandisha, bila hizo ni elfu mbili na kidogo. Muuzaji wa keshokutwa atakwambia elfu moja na mia mbili, na atakwambia haraka haraka. Msiitenganishe na karatasi wala mfuko, msiipige hata risasi moja, kipuri cha miaka 90 kikikatika ukamilifu umekwisha pale pale. Pigeni picha kila namba, muweke mnadani kwenye wakusanyaji wenyewe. Na kama hamna shida ya hela msiuze.

Triga ikiwa asali na mdomo umekwanguka na karatasi ina namba, hii theluji mi naiamini.

#28 Dada wa Minnesota

Asante sana mzee. Tatizo nimeshuka chini sasa hivi, kumbe mume wangu kaichukua kabatini, yupo meza ya jikoni kavaa glavu, ana kitambaa na kopo la Brasso, anasema anaiweka sawa kabla ya keshokutwa.

#29 Mzee wa Lenzi

KOPO LIMEFUNGULIWA?

#30 Dada wa Minnesota

Alikuwa anatafuta bisibisi ya kulifungulia kifuniko. Nimekaa juu yake.

#31 Fundi Kondo

Juu ya kopo au juu ya mume

#32 Dada wa Minnesota

Kopo. Picha nazituma kesho mchana kukiwa na mwanga wa pembeni.